Gemu za Mkononi za Mtindo wa Kale: Kuchagua, Kuandaa na Kutunza Kifaa Chako Nairobi

Ile gemu ya matofali iliyouzwa vibandani Nairobi miaka ya tisini ilikuwa na kioo cha visanduku 10 kwa 20, basi. Kisanduku kiliwaka au kilizima. Hapakuwa na rangi wala kivuli cha katikati. Boksi liliandikwa gemu 9999 ndani ya moja, na kila mtoto alijua ni zile zile chache zilizobadilishwa kasi. Bado watu waligombania zamu.

Vifaa vya leo vyenye sura ya kizamani vinauzwa kwa namba pia: chipu ya kori nne, gemu elfu kumi, memori gigabaiti kadhaa. Namba hizo ndizo zenye uzito mdogo kuliko zote. Kitakachoamua kama kifaa kitakaa mfukoni mwako miaka au kitalala kwenye droo baada ya wiki mbili ni vitu vitatu: skrini, msalaba wa kuelekezea (kile kitufe chenye umbo la msalaba cha kwenda juu, chini na pembeni), na memori kadi. Chipu ni ya nne. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Kwa nini kifaa dhaifu kilishinda

Nintendo walianza kuuza Game Boy nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989. Kikosi kilichoitengeneza kiliongozwa na Gunpei Yokoi, aliyeamini kwamba ni heri kuchukua teknolojia iliyokwisha kukomaa na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia. Skrini yake ilikuwa na pikseli, yaani nukta za picha, 160 kwa 144, vivuli vinne vya rangi ya majani makavu, bila taa yoyote. Wapinzani wake, Atari Lynx ya 1989 na Sega Game Gear ya 1990, walikuwa na skrini za rangi zenye taa, lakini walitafuna betri sita za AA kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne na kuendelea kwa zaidi ya saa kumi. Ukijumlisha na Game Boy Color iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Msalaba wa kidole gumba nao ni wazo la Yokoi. Ulitokea mara ya kwanza mwaka 1982 kwenye Donkey Kong ya Game & Watch, kifaa cha kukunja kisichokuwa na nafasi ya mkongojo mrefu (jostiki) kama ule wa mashine za ukumbini. Tatizo la unene likazaa umbo ambalo mpaka leo hakuna aliyelipata bora zaidi kwa gemu za kukimbia na kuruka.

Ndiyo maana kifaa kizuri cha mtindo huu hakikuletei arifa, hakikuombi kusajili akaunti na hakipigi kelele. Unabonyeza, gemu inaanza pale ulipoiachia. Nguvu za ziada hazikuongezei chochote hapo.

Anza na gemu, kisha hesabu skrini

Andika gemu tano unazotaka kweli kucheza, na mashine iliyoziendesha awali. Usiandike hamsini, hutazicheza. Kisha fanya hesabu ifuatayo.

Kila mashine ya zamani ilichora picha kwa idadi maalumu ya pikseli. Game Boy na Game Boy Color: 160 kwa 144. Game Boy Advance: 240 kwa 160. Super Nintendo, kwa kawaida: 256 kwa 224. PlayStation ya kwanza, kwa gemu nyingi: 320 kwa 240. Skrini ya kifaa kipya lazima iikuze picha hiyo. Ikikuzwa mara mbili au mara tatu kamili, kila pikseli inakuwa mraba ulionyooka. Ikikuzwa mara 2.67, pikseli moja inapewa nukta mbili na jirani yake tatu. Maandishi yanakuwa na miguu minene na myembamba, na mandhari yakianza kusogea utaona mawimbi yakipita juu ya matofali na majani. Wengi hudhani skrini ni mbovu. Skrini ni nzima. Ni hesabu iliyokataa.

Vifaa vingi vya bei ya chini, kama Miyoo Mini Plus, Anbernic RG35XX H na R36S, vina skrini ya inchi 3.5 yenye pikseli 640 kwa 480. Pima sasa. PlayStation mara mbili ni 640 kwa 480: inajaa bila ukingo wowote. Super Nintendo mara mbili ni 512 kwa 448: inabaki mikanda myeusi pembeni, na haisumbui. Game Boy mara tatu ni 480 kwa 432, na hapo pana jambo la kufurahisha: kwenye skrini hiyo picha hiyo ina upana wa milimita 53 na urefu wa milimita 48 hivi, ilhali kioo cha Game Boy ya 1989 kilikuwa milimita 47 kwa 43. Kwa hiyo hata ukiacha mikanda myeusi pande zote nne, bado unatazama picha kubwa kuliko ile ya asili.

Inayoumia ni Game Boy Advance. Mara mbili ni 480 kwa 320, yaani milimita 53 kwa 36 hivi, ndogo kuliko kioo chake cha awali. Mara tatu ni 720 kwa 480, na skrini ya 640 haina nafasi hiyo. Kama gemu nne kati ya tano zako ni za Advance, tafuta kifaa chenye skrini ya 720 kwa 480, mfano Anbernic RG34XX, ambacho kimetengenezwa kwa kipimo hicho hicho. Kama nne kati ya tano ni za Game Boy ya kwanza na una pesa, Analogue Pocket ina pikseli 1600 kwa 1440, mara kumi kamili. Ila hiyo ni bei ya simu nzuri, na kwa mtu anayeanza haina sababu.

Umbo

Kilichosimama wima hukaa vizuri kwa gemu za vitufe viwili, na hutoshea mfuko wa shati. Kilicholala kinafaa mikono mikubwa na gemu zinazotumia vitufe vya mabegani, kwa sababu kwenye kilichosimama vitufe hivyo hukaa nyuma ya skrini na vidole vya shahada hujikunja mpaka vikaanza kufa ganzi. Cha kukunja, kwa mtindo wa Game Boy Advance SP ya 2003, ndicho kinachofaa zaidi kwa maisha ya matatu: funguo na sarafu haziwezi kukwaruza skrini iliyofunikwa. Udhaifu wake ni bawaba. Ukifungua, sikiliza, bawaba nzima ina mlio mmoja na inasimama pale ulipoiacha. Ikilegea kama mlango wa kabati la zamani, rudisha.

Kuhusu matatu: kiti cha dirishani kioo kikiwa wazi si mahali pa kutoa kifaa hiki, hasa foleni ikisimama. Wanyakuaji hawatofautishi gemu na simu.

Kununua: dakika kumi kwenye kaunta

Vifaa hivi vinapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki katikati ya jiji, Luthuli Avenue na Moi Avenue na maduka ya ndani kwa ndani ya majengo yaliyo hapo, na pia kwa wauzaji wa mtandaoni wanaoagiza China. Ukiagiza mwenyewe, uliza bei ya kufika mkononi, si bei ya kwenye picha: kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Uliza pia kama betri imo ndani, maana wasafirishaji wengine hukataa betri za lithiamu.

Jihadhari na kile kijikifaa chekundu au cha njano kinachoitwa 400 ndani ya moja. Si kibaya kwa mtoto wa miaka sita, lakini fahamu unachonunua: gemu zimefungwa ndani ya chipu, hakina tundu la memori kadi, huwezi kuongeza wala kupunguza, na nyingi ni marudio kama zile 9999. Uzuri wake mmoja wa kweli ni betri: kwa kawaida ni umbo la BL-5C, ile ya Nokia za zamani, na mwuza simu yeyote anayo.

Kwenye kaunta, omba kiwashwe na ufanye haya kabla ya kutoa pesa. Fungua gemu yenye mandhari meupe na uangalie pembe nne za skrini; doa jeusi lisilosogea ni pikseli iliyokufa, na mwanga unaovuja ukingoni ni skrini iliyobanwa vibaya. Zidisha sauti mpaka mwisho na usikilize kama plastiki inatetemeka. Chomeka chaja, uone alama ya kuchaji, kisha tikisa kebo polepole. Alama ikipotea na kurudi, tundu limelegea tangu kiwandani.

Kisha jaribu msalaba, na hapa usiharakishe. Fungua gemu ya matofali yanayoshuka. Bonyeza chini kwa nguvu na ushikilie. Tofali likiyumba kushoto au kulia bila wewe kutaka, msalaba unasoma pembe za uongo. Rudia kwa kubonyeza kulia huku ukiviringisha kidole kutoka katikati kwenda ncha: tofali lisizunguke wala kushuka. Kosa hili ndilo linaloharibu kifaa kizuri kuliko lolote, na muuzaji hataliona kwa sababu anajaribu kwa gemu za magari. Linatibika, kama tutakavyoona, lakini ni sababu halali ya kuomba kingine au kupunguziwa bei.

Memori kadi: tupa imani kwa ile iliyokuja nayo

Kadi ya kiwandani kwa kawaida haina chapa, na ndiyo sehemu inayokufa kwanza. Dalili huja kwa mpangilio: kwanza orodha ya gemu inachelewa kufunguka, halafu gemu moja moja zinakataa, halafu asubuhi moja kifaa kinabaki kwenye nembo. Watu hupeleka kifaa kwa fundi na kuambiwa bodi imeungua. Badilisha kadi kwanza.

Ukubwa usikutishe. Gemu ya Tetris ya Game Boy ni kilobaiti 32. Gemu kubwa za Game Boy Advance ni megabaiti 32. Ni diski za PlayStation tu zinazofika megabaiti mia kadhaa kila moja. Gigabaiti 32 zinatosha mtu asiyecheza gemu za diski. 64 au 128 kwa anayezicheza.

Tatizo ni feki. Kadi iliyoandikwa 128 inaweza kuwa na gigabaiti 8 za kweli ndani. Kompyuta itaonyesha 128 kwa sababu kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya, na ukivuka 8 mafaili mapya yanaandikwa hewani au juu ya yale ya zamani. Hakuna anayeweza kuitambua kwa macho, hata mwenye duka. Ipime: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Programu hizi huijaza kadi yote na kuisoma tena. Kadi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kuandikwa tu, kwa hiyo kubaliana na muuzaji mapema kwamba utairudisha kesho ikishindwa, na uweke risiti. Pima kadi ikiwa tupu, kabla ya kuweka chochote.

Kuhamisha mfumo kwenye kadi mpya

Utahitaji kompyuta, kisoma kadi kinachoaminika (vile vya shilingi chache hupata joto na kukata katikati ya kazi), na saa moja bila haraka. Kama mtaani kwenu stima hupotea jioni, fanya kazi hii kwa laptopu yenye chaji, maana kadi iliyokatiwa umeme katikati ya kuandikwa lazima ianzwe upya.

1. Zima kifaa kabisa, toa kadi ya kiwandani, na unakili kila kitu kilichomo kwenye folda moja ya kompyuta. Bora zaidi, tengeneza imeji ya kadi nzima, yaani nakala yake kamili katika faili moja, kwa Win32 Disk Imager. Hii ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea.

2. Tambua kifaa chako kwa uhakika. Anbernic RG35XX ya kwanza na RG35XX H zina majina yanayofanana na chipu tofauti kabisa, na mfumo wa uendeshaji wa moja hauwaki kwenye nyingine. R36S ina mtego wake: imetengenezwa kwa skrini za aina kadhaa, na kuna nakala zake zinazofanana nayo kwa nje. Mfumo ukikosa faili la skrini sahihi, kifaa kinawaka, sauti inasikika, na skrini inabaki nyeusi. Tafuta kwenye kadi ya zamani mafaili yanayoishia na .dtb na uyahifadhi pembeni. Baada ya kuandika mfumo mpya utayarudisha kwenye sehemu ya kuwashia.

3. Pakua mfumo wa kifaa chako. Miyoo Mini Plus hutumia OnionOS, ambao hunakiliwa kama folda tu kwenye kadi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili). Vifaa vya Anbernic vyenye chipu ya H700, ikiwemo RG35XX H, Plus na SP, vinatumia muOS au Knulli. R36S hutumia ArkOS. Mitatu hii ya mwisho huja kama imeji.

4. Andika imeji kwenye kadi mpya kwa balenaEtcher au Rufus. Hakikisha mara mbili umechagua kadi, si diski ya nje yenye picha za harusi.

5. Ukimaliza, Windows italeta madirisha mawili, matatu au zaidi ikisema kadi inahitaji kufomatiwa. Funga yote. Usikubali hata moja. Windows haisomi sehemu za Linux zilizo kwenye kadi, kwa hiyo inadhani ni uchafu. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi ya saa nzima kwa kubofya mara moja.

6. Toa kadi kwa njia salama, weka kwenye kifaa, washa na usubiri. Mara ya kwanza kifaa hutanua sehemu zake na kinaweza kujizima na kujiwasha. Kipe dakika tano kabla ya kuanza kulalamika.

Kama kifaa kina matundu mawili, weka mfumo kwenye la kwanza na gemu kwenye la pili. Mfumo ukiharibika siku moja, gemu na kumbukumbu zako hazitaguswa. Kadi ya OnionOS iliyo zaidi ya gigabaiti 32 inaweza kukukatalia FAT32 ndani ya Windows. Tumia Rufus kuifomati.

Gemu zinatoka wapi

Kadi zenye gemu elfu kumi zinazouzwa pamoja na vifaa hivi zimejaa kazi za watu zilizonakiliwa bila idhini, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Njia safi ni mbili. Kama una katriji zako za zamani, kisomaji kama GB Operator au GBxCart RW huzinakili hadi kwenye kompyuta pamoja na kumbukumbu zilizomo ndani. Ama tumia gemu mpya zinazotengenezwa na watu huru kwa mashine za kale: Tobu Tobu Girl, kwa mfano, inatolewa bure na chanzo chake kiko wazi. Na kama una mtoto wa sekondari anayependa kuchora, GB Studio ni programu ya bure inayomwezesha kutengeneza gemu ya Game Boy bila kuandika msimbo, kisha kuicheza kwenye kifaa hicho hicho.

Faida ya orodha fupi ni ya kiutendaji pia. Kifaa chenye gemu 20 kinakufanya ucheze. Chenye 10,000 kinakufanya upitishe orodha mpaka betri iishe.

Mipangilio inayofaa kuguswa

Mifumo mingi hapo juu huendesha gemu kwa RetroArch, programu inayokusanya emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za kale. Ingia mipangilio ya video, sehemu ya vipimo, na uwashe palipoandikwa Integer Scale. Hiyo ndiyo hesabu ya mara mbili, mara tatu tuliyoifanya awali. Kwa Advance kwenye skrini ya 640, zima hiyo na utumie kichujio chepesi cha kulainisha. Picha itapoteza ukali kidogo lakini mawimbi yatatulia.

La pili ni kuhifadhi, na hili linawaliza watu. Kuna aina mbili. Ukihifadhi ndani ya gemu yenyewe, emuleta huiweka kwenye kumbukumbu ya muda na kuandika kwenye kadi unapotoka kwenye gemu. Ukihifadhi ndani ya gemu, kisha ukazima kifaa kwa kushikilia kitufe cha umeme au betri ikaisha, hakuna kilichoandikwa, ingawa gemu ilikuambia imehifadhi. Tafuta mpangilio wa SaveRAM Autosave Interval na uweke sekunde 10 hadi 30. Aina ya pili, picha ya hali nzima ya mashine kwa wakati ule, inaandikwa papo hapo, lakini inaweza kukataa kufunguka baada ya kusasisha emuleta. Tumia zote mbili, na ukisasisha chochote hakikisha kwanza umehifadhi ndani ya gemu.

Mwanga wa skrini uweke asilimia 30 hadi 40 ndani ya nyumba. Taa ya skrini inakula betri kuliko chipu kwenye gemu za Game Boy. Mengine, rangi za menyu na muziki wa nyuma, ni ya kuchezea siku ya mvua.

Kuchaji

Tundu ni la USB-C lakini usidhani chaja yoyote ya USB-C itafaa. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu havina vipingamizi vidogo vya kilo-om 5.1 ambavyo huiambia chaja ya kisasa kwamba kuna kifaa kinachoomba umeme. Chaja hiyo, yenye C pande zote mbili, inakaa kimya, nawe unadhani kifaa kimekufa. Tumia kebo ya kizamani yenye USB-A upande wa chaja, na chaja ya volti 5, ampia 1 hadi 2. Betri ya mAh 3300 itachukua takriban saa tatu na nusu mpaka nne kwa ampia moja. Stima ikiwa inapanda na kushuka, chaji kupitia pawabenki. Inameza mshtuko badala ya kifaa.

Kama hutakitumia kwa miezi, kiache na chaji karibu nusu, wala si tupu. Lithiamu iliyoachwa ikauka hadi chini kabisa mara nyingi hairudi.

Kufungua na kutengeneza msalaba

Andaa bisibisi ndogo yenye ncha ya msalaba (PH00), kipande cha plastiki chembamba kama kadi ya simu iliyokwisha kazi, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamba za masikio, na utepe mwembamba wa gundi usiopitisha umeme. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi zaidi. Ikibidi uitumie, subiri ikauke usiku kucha.

Kabla ya skrubu ya kwanza, toa memori kadi. Ikiwa imebaki ndani na nusu yake iko nje ya kava, utaivunja wakati wa kufungua, na pengine na tundu lake. Toa skrubu na uzipange kwenye karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, maana urefu hutofautiana na skrubu ndefu iliyowekwa pa fupi hutoboa plastiki ya mbele. Pitisha kadi ya plastiki kwenye mshono. Usivute mara inapoachia. Kuna nyaya za spika na betri zinazounganisha pande mbili.

Chomoa betri kwanza. Shika kichwa cha plastiki kwa kucha pande zote mbili, usivute nyaya.

Inua bodi, utaona mpira wa vitufe na chini yake, kwenye bodi, duara nne za kaboni za msalaba. Safisha duara na vidonge vyeusi vya mpira kwa pamba yenye alkoholi kidogo. Mara nyingi kitufe kinachokwama kinatibika hapo tu. Ni soda na jasho.

Kwa msalaba unaosoma pembe za uongo, sababu ni hii: ukibonyeza kulia, msalaba unainama kidogo, na kidonge cha juu au cha chini kinagusa ukingo wa duara lake. Kata vipande vya utepe vyenye upana wa milimita 1 hadi 2 na ufunike ukingo wa kila duara, ukiacha katikati wazi. Sasa mguso wa juujuu hautoshi. Lazima kidonge kishuke wima. Anza na chembamba, funga kwa skrubu mbili, jaribu na tofali lile lile la kaunta. Ukifunika sana, pembe za kweli zitapotea na gemu za ngumi hazitacheza. Huenda ukafungua mara tatu kabla ya kupata kipimo.

Betri mpya

Betri ikivimba, skrini huinuka upande mmoja au kava hukataa kufunga. Acha kuchaji hapo hapo, usiibonyeze, usiitoboe. Betri mbadala tafuta kwa vipimo vitatu: urefu, upana na unene kwa milimita, vilivyoandikwa au vilivyopimwa kwa rula. Unene ndio unaokataa mara nyingi. Milimita moja ya ziada itasukuma skrini kutoka ndani.

Kabla ya kuchomeka, pima kwa malitimita. Vichwa vya plastiki hufanana, lakini hakuna kanuni ya upande gani waya mwekundu unakaa, na betri iliyogeuzwa inaunguza bodi kwa sekunde moja bila moshi wala onyo. Weka pini nyekundu ya malitimita kwenye waya wa betri utakaokaa upande wa alama ya kujumlisha ya bodi, na nyeusi kwenye waya wa pili: usomaji ukitoka volti 3.7 hadi 4.2 bila alama ya kutoa mbele yake, upande ni sahihi. Alama ya kutoa ikitokea, inua ulimi mdogo wa plastiki kwa sindano, chomoa waya mmoja mmoja na ubadilishe nafasi zake, mmoja kwanza, usiache ncha mbili wazi zikagusana.

Ya zamani ifunike ncha zake kwa utepe na usiitupe kwenye jaa la mtaa, kwa sababu lori la takataka likiibana inaweza kuwaka. Weka kwenye kopo la bati, mbali na jua, mpaka utakapoifikisha kwa wanaokusanya taka za elektroniki.